Anwani ipi uitumie unapochangia programu huria: ya kutupa, lakabu, au ya kudumu?

Ukituma kiraka chako cha kwanza (badiliko la msimbo unalopendekeza) kwenye mradi wa programu huria, vitu viwili vinakutoka mkononi kwa pamoja: msimbo ulioandika na anwani ya barua pepe uliyoitumia. Msimbo utarekebishwa na wengine, pengine hata kufutwa. Anwani itabaki. Itakaa kwenye historia ya mradi, kwenye nakala ya kila aliyeipakua hazina (ghala la msimbo wa mradi), na kwenye kumbukumbu za umma ambazo injini za utafutaji huzipitia usiku na mchana.

Kwa hiyo si ajabu kwamba wengi huwaza kutumia anwani ya kutupa. Unaifungua, unatuma, unaondoka zako. Wazo hilo lina haki yake, maana barua taka, matapeli na watu wanaowaandama wachangiaji ni mambo ya kweli. Hata hivyo, ukizipanga njia zote sambamba, anwani ya kutupa ndiyo inayokuangusha mapema kuliko zote, na usalama ni sehemu tu ya sababu. Kuchangia programu huria ni kuingia kwenye mazungumzo, na mazungumzo hayo yanaweza kufufuka baada ya mwaka mmoja au hata mitano. Anwani unayoichagua lazima iwe hai siku hiyo.

Anwani inabaki wapi

Miradi mingi leo hutumia Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi huo. Kila badiliko linalohifadhiwa ndani yake, yaani komiti, hubeba jina na anwani ya mwandishi, na pia jina na anwani ya aliyeliingiza. Taarifa hizo ni sehemu ya data inayokokotoa alama ya utambulisho ya komiti. Ukibadilisha herufi moja ya anwani, alama inabadilika, na alama za komiti zote zilizofuata zinabadilika pia. Hakuna mradi mkubwa utakaokubali kuandika upya historia yake kwa sababu wewe umejutia anwani yako. Lipo faili liitwalo `.mailmap` linaloweza kuifanya Git ionyeshe anwani mpya mahali pa ile ya zamani, lakini hilo hugusa maonyesho tu. Anayetaka kuiona ya zamani ataiona.

Watu hushangaa wanapogundua kwamba kuficha anwani kwenye wasifu wa GitHub, tovuti inayohifadhi miradi ya Git, hakufichi anwani iliyo ndani ya komiti. Chukua kiungo cha komiti yoyote iliyo wazi, ongeza `.patch` mwishoni, na anwani ya mwandishi itajitokeza juu kabisa ya ukurasa.

Miradi inayofanya kazi kwa barua pepe iko wazi zaidi. Mazungumzo ya watengenezaji wa kiini cha Linux huhifadhiwa lore.kernel.org, na kumbukumbu hizo zenyewe ziko ndani ya hazina za Git ambazo yeyote anaweza kuzinakili zote. Debian, mfumo endeshi huria, hupokea ripoti za hitilafu kwa barua, na anwani ya mtumaji huonekana kwenye ukurasa wa ripoti. Kumbukumbu nyingi za zamani zilizotengenezwa na Mailman, programu ya kuendesha orodha za barua (anwani za kundi zinazopeleka kila barua kwa wanachama wote), huandika neno la Kiingereza mahali pa alama ya @ ili kuwazuia wavunaji wa anwani, lakini kizuizi hicho huvunjwa na programu ya mistari miwili.

Tena, mara nyingi wewe mwenyewe umekubali. Linux, Git yenyewe na miradi mingine mingi hutaka kila kiraka kiwe na mstari wa `Signed-off-by`, ambao maana yake ni kwamba unakubali tamko liitwalo Developer Certificate of Origin. Kipengele cha mwisho cha tamko hilo kinasema wazi kwamba rekodi ya mchango, pamoja na taarifa binafsi ulizozitoa, itahifadhiwa bila kikomo na inaweza kusambazwa. Ukisaini, umesaini.

Maana yake ni kwamba faragha yako inalindwa kabla ya kutuma. Baada ya hapo hakuna mlango wa kurudia.

Njia zikiwa sambamba

| Anwani | Jibu la baada ya miaka miwili litakufikia? | Kutuma viraka kwa barua | Inaficha nini |
|---|---|---|---|
| Ya kutupa | Hapana | Karibu haiwezekani | Anwani yako halisi, huku kisanduku chenyewe mara nyingi kikiwa wazi kwa wengine |
| Lakabu inayoelekeza barua kwako | Ndiyo, huduma ikiwa bado ipo | Inawezekana, kwa taabu | Anwani yako halisi |
| Yenye alama ya kujumlisha | Ndiyo | Ndiyo | Hakuna |
| Noreply ya GitHub (isiyopokea barua) | Hapana | Hapana | Anwani halisi. Jina la akaunti linaonekana |
| Kisanduku cha pili cha kudumu | Ndiyo | Ndiyo | Maisha yako mengine |
| Kikoa (sehemu ya baada ya @) chako mwenyewe | Ndiyo, ukikilipia | Ndiyo | Kidogo sana. Kinaweza hata kukutambulisha zaidi |

Jedwali linatoa picha, lakini uamuzi unatokana na mambo ambayo hayaingii kwenye jedwali.

Anwani ya kutupa

Huduma za aina hii si mpya. Mailinator ipo tangu 2003, na ndiyo inayoonyesha vizuri jinsi nyingi zinavyofanya kazi: jina lolote utakalolitunga kwenye kikoa chake cha umma tayari lina kisanduku, bila nywila, na yeyote atakayeliandika jina hilo atasoma barua zilizomo. Nyingine, kama 10 Minute Mail, hukupa anwani inayokufa baada ya muda mfupi. Kwa kupokea msimbo wa kuthibitisha kwenye tovuti usiyoijali, hazina shida.

Sasa ipeleke anwani hiyo kwenye mradi. Kikwazo cha kwanza ni kutuma. Mailinator hupokea tu, haitumi. Orodha za barua za kiini cha Linux hukataa barua za HTML. Zinataka maandishi matupu, na njia ya kawaida ni `git send-email` inayopita kwenye seva ya SMTP, yaani seva ya kutuma barua. Huduma za kutupa kwa kawaida hazikupi SMTP. Hata pale zinapokuwa na kisanduku cha kuandikia, kunakili kiraka na kukibandika hapo ni kukiharibu: vichupo vinageuka nafasi, mistari mirefu inakatwa, na mtunzaji, yaani msimamizi wa msimbo wa mradi, akijaribu kukiingiza kinakataa.

Kikwazo cha pili ndicho kizito zaidi. Kiraka hakikubaliwi kwa kutumwa tu. Mtu atauliza kwa nini umechagua njia hii. Mwingine ataomba ugawanye kazi katika vipande vitatu. Utatuma toleo la pili, kisha la tatu, na kati ya toleo na toleo zinaweza kupita wiki. Anwani iliyokufa siku ya kwanza haishiriki hata robo ya safari hiyo.

Na safari haiishii kiraka kinapoingia. Kiini cha Linux kina skripti iitwayo `get_maintainer.pl` inayomsaidia mtu kujua barua yake aipeleke kwa nani, na inaweza kupitia historia ya Git kutafuta waliowahi kugusa faili husika. Kiraka kinachorekebisha kosa la zamani hubeba mstari wa `Fixes` unaotaja komiti iliyoleta kosa hilo, na mwandishi wa komiti hiyo kwa kawaida huwekwa kwenye nakala. Yaani siku msimbo wako utakapoharibu diski ya mtu, wewe ndiye utakayetafutwa kwanza, kwa sababu wewe ndiye unayejua ulikuwa unafikiria nini. Kama anwani haipo, barua inarudi kwa aliyeituma, na kila atakayejibu wote kwenye mazungumzo yale atapokea taarifa ya kushindwa. Watunzaji wengi hufanya kazi hii kwa kujitolea, usiku, baada ya kazi zao. Kuwaachia mzigo huo ni kuwaonea.

Mailman nayo huhesabu barua zinazorudi. Zikizidi kiwango kilichowekwa, uanachama wako kwenye orodha unasimamishwa bila wewe kujua, kwa kuwa hata taarifa ya kusimamishwa inaenda kwenye anwani ileile iliyokufa.

Kisha kuna usalama, na hapa watu huelewa kinyume kabisa. Wanaona anwani ya kutupa inawalinda. Fikiria akaunti ya kuchapishia vifurushi vya programu iliyofunguliwa kwa anwani ambayo kisanduku chake kinasomwa na kila mtu. Anayetaka kuiteka akaunti hahitaji ujuzi wowote: anabofya "nimesahau nywila", anafungua kisanduku, anachukua kiungo. Hata bila kuiteka, sehemu kama GitHub huunganisha komiti na akaunti iliyothibitisha anwani iliyomo. Anayeweza kusoma kisanduku chako yuko katika nafasi ya kudai kwamba kazi yako ni yake.

Zaidi ya hayo, milango inafungwa. Kuna orodha za wazi za vikoa vya kutupa zinazotunzwa na jamii, na PyPI, ghala la vifurushi vya Python, huzitumia kukataa anwani hizo wakati wa kujisajili.

Na tangu 2024 kuna jambo la imani. Tarehe 29 Machi mwaka huo mhandisi wa programu Andres Freund alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz Utils, programu ya kubana faili, yalikuwa na mlango wa siri. Aliyeuingiza alijiita Jia Tan, na alikuwa amechangia mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili, na njiani akapewa madaraka ya utunzaji. Kabla ya hapo, mtunzaji wa asili alisukumwa kwa barua za malalamiko kutoka kwa watu ambao hawakuwa na historia yoyote mahali pengine. Tangu siku hiyo, anwani isiyo na mizizi inayotaka jambo la haraka huamsha wasiwasi, na ni sawa iwe hivyo. Angalia pia upande wa pili wa kisa hiki: Jia Tan hakuwa na anwani ya kutupa. Alikuwa na anwani ya kawaida, iliyodumu. Kudumu kwa anwani si uthibitisho wa uaminifu. Ni sharti la kuanza kuujenga tu.

Je, hakuna pahala anwani ya kutupa inafaa? Kwa mchango wenyewe, sijapaona. Kwa kusoma mazungumzo ya mradi huihitaji, kwa sababu kumbukumbu ziko wazi na hazidai ujisajili.

Lakabu

Hapa mambo yanakuwa bora zaidi. Lakabu ni anwani inayopokea barua na kuzielekeza kwenye kisanduku chako halisi, na unaweza kuifunga wakati wowote. SimpleLogin, ambayo tangu 2022 iko chini ya Proton, addy.io, Firefox Relay ya Mozilla, huduma ya DuckDuckGo yenye mwisho wa @duck.com, na Hide My Email ya Apple zote hufanya kazi hiyo kwa namna zinazokaribiana. Ukimpa kila mradi lakabu yake, siku barua taka zikianza kumiminika unajua zimevuja kutoka wapi, na unaziba tundu moja bila kugusa mengine.

Kwa akaunti za GitHub, GitLab au Codeberg, kwa mifumo ya kuripoti hitilafu na kwa majarida ya matoleo mapya, lakabu ni chaguo zuri sana. Ningemshauri mtu yeyote aitumie huko bila kusita.

Inapokwama ni kwenye kutuma viraka kwa barua. Ili ujibu kwa jina la lakabu, huduma kama SimpleLogin hukutengenezea anwani ya kinyume kwa kila mtu unayemwandikia. Unaandika kwenye anwani hiyo ya bandia, nayo inaipeleka kwa mhusika. Kwa barua ya mtu mmoja hakuna tatizo. Kiraka cha kiini cha Linux, lakini, kinaweza kwenda kwa watunzaji wanne, orodha mbili na msomaji aliyejitolea kukikagua, na kila mmoja anahitaji anwani yake ya kinyume. `git send-email` haijui lolote kuhusu hilo. Utakuwa unapambana na barua badala ya msimbo.

Lipo pia suala la uthibitishaji wa barua. Mwezi Aprili 2014 Yahoo ilianza kuwaagiza wapokeaji wakatae barua zinazodai kutoka kwake bila kupita kipimo cha DMARC, kinachohakiki kwamba barua imetoka kweli kwa anayetajwa, na orodha za barua duniani zikapata msukosuko, kwa sababu orodha nyingi hubadilisha kichwa cha habari au kuongeza maneno chini ya barua, na saini ya DKIM, inayothibitisha kwamba barua haijabadilishwa njiani, huvunjika. Nyingine zilijibu kwa kubadilisha sehemu ya mtumaji. Sasa barua yako ipite kwenye orodha inayoibadilisha, halafu ipite kwenye huduma ya lakabu inayoibadilisha tena, ndipo ifike kwenye kisanduku chenye vichujio vikali. Nyingi zitafika. Baadhi zitaangukia kwenye barua taka, na huenda moja kati ya hizo ndiyo ile iliyokuambia kiraka chako kina dosari.

Hatari kubwa ya lakabu, hata hivyo, ni mkono wako mwenyewe. Uko safarini, unaona swali la mtunzaji kwenye simu, unabofya "jibu wote". Programu ya simu inatuma kwa anwani yako halisi. Ikiwa orodha hupokea barua za wanachama pekee, itazuiliwa hadi msimamizi aiangalie; ukiwa na bahati utaiwahi. Ikiwa orodha iko wazi, anwani uliyoificha kwa mwaka mzima imeingia kwenye kumbukumbu za umma ikiwa pembeni mwa lakabu yako, na yeyote anaweza kuziunganisha. Anayetegemea lakabu kwa usalama wake asiiunganishe na kisanduku anachokitumia kwenye simu kwa mambo mengine.

Alama ya kujumlisha

Kuongeza alama ya kujumlisha na neno kabla ya @ ni utaratibu unaokubaliwa na Gmail, Fastmail, Proton na wengine wengi. Unasaidia sana kupanga barua: zote za mradi fulani zinaingia kwenye folda yake. Haufichi chochote, kwa sababu kuondoa sehemu iliyoongezwa ni kazi ya sekunde moja. Utumie kwa mpangilio, usiutegemee kwa faragha.

Noreply ya GitHub

GitHub hukupa anwani inayoishia `users.noreply.github.com`. Kwa akaunti zilizofunguliwa baada ya tarehe 18 Julai 2017, huanza na namba ya akaunti ikifuatiwa na jina lako la mtumiaji. Ukiiweka kwenye Git, komiti zako zinahesabiwa kuwa zako na anwani halisi haionekani. Kwenye mipangilio kuna pia chaguo la kuzuia usukumaji (upelekaji wa komiti) wowote kutoka kwenye kompyuta yako unaobeba anwani yako ya siri. Liwashe leo.

Kwa miradi inayoishi ndani ya GitHub pekee, ambako mazungumzo yote yako chini ya ombi la kuunganisha msimbo, hii inatosha na haikugharimu kitu. Mtu akitaka kukupata atakutaja kwa jina la akaunti na utapata taarifa. Lakini anwani hii haipokei barua. Mradi unaofanya kazi kwa barua hauna la kufanya nayo, na hazina ikihamishwa kutoka GitHub kwenda kwingine, uzi pekee uliokuunganisha na kazi yako unakatika. Baadhi ya miradi inayodai mkataba wa wachangiaji ina roboti inayolinganisha anwani ya komiti na ile uliyotia saini. Hakikisha zinalingana kabla hujashangaa kwa nini ombi lako limezuiliwa.

Kisanduku cha pili cha kudumu

Hili ndilo pendekezo langu kwa watu wengi, na nalitoa bila kuyumba. Fungua kisanduku cha kweli kwa ajili ya programu huria peke yake, kwa mtoa huduma anayekupa SMTP na maandishi matupu, na ukichukulie kama kitu utakachokuwa nacho kwa miaka kumi. Kiwekee nywila ndefu na uthibitishaji wa hatua mbili. Usikiambatanishe na akaunti za benki, familia wala mitandao ya kijamii.

Kisanduku hiki kinafanya kila ambacho anwani ya kutupa inaahidi na haitekelezi. Barua taka zikija, zinaingia humo, haziingii kwenye barua za nyumbani. Nywila ya kitu kingine ikivuja, haikihusu. Majibu yanakufikia. `git send-email` inafanya kazi. Na polepole anwani hiyo inajenga jina: watunzaji wanaitambua, wanakumbuka kwamba ulirekebisha kitu kwa uangalifu mara iliyopita, wanasoma kiraka chako kabla ya cha mgeni. Mali hiyo hujengwa kwa kuonekana tena na tena kwa anwani ileile.

Wala huna lazima ya kutumia jina lililo kwenye kitambulisho. Mwongozo wa kiini cha Linux uliwahi kutaka jina halisi. Mwaka 2023 maneno hayo yalibadilishwa, sasa unataka utambulisho unaojulikana, huku ukiendelea kukataa michango isiyo na mwenyewe. Jina la kalamu unalolitumia siku zote linakubalika huko. Miradi mingine ina masharti yake. Wakfu wa programu huria wa Apache, kwa mfano, hutaka jina la kisheria kwenye mkataba wa mchangiaji, ingawa unaweza kuomba jina tofauti lionyeshwe hadharani. Soma kwanza.

Kikoa chako mwenyewe

Anwani iliyo kwenye kikoa chako ndiyo yenye uhuru mkubwa kuliko zote. Mtoa huduma akifunga au akikuudhi, unahamisha barua kwingine na anwani inabaki ileile. Unaweza kumpa kila mradi jina lake, zote zikiingia kisanduku kimoja. Huduma za lakabu kama SimpleLogin na addy.io hukubali kikoa chako pia, na hilo huondoa hofu ya huduma kufa na lakabu zako.

Uhuru huo una deni. Kikoa ni cha kukodi, na siku usipolipia mtu mwingine anaweza kukichukua pamoja na barua zote zitakazotumwa kuanzia hapo. Mwezi Mei 2022 ndivyo ilivyokuwa kwa kifurushi cha Python kiitwacho ctx: kikoa cha anwani ya mtunzaji kiliisha muda, mtu akakisajili, akaomba nywila mpya, kisha akachapisha matoleo yaliyokusanya siri kutoka kwenye kompyuta za waliokipakua. PyPI tangu 2025 hukagua vikoa vilivyoisha muda na kuondoa uthibitisho wa anwani zilizomo, lakini huo ni mlango mmoja tu kati ya mingi. Ukichukua njia hii, lipia miaka kadhaa mbele, washa malipo ya kujirudia, na usije ukakiacha kikoa ambacho bado kina akaunti zinazokitegemea.

Pia, usajili wa kikoa unaweza kuonyesha jina na makazi yako ukisahau kuwasha ulinzi wa faragha. Na wewe ndiye utakayeweka SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chako), DKIM na DMARC sawasawa. Ukiweka DMARC kali mno, orodha zinazobadilisha barua zitakukwamisha kama zilivyokwama za Yahoo.

Anwani ya kazini nitaigusa kidogo tu. Itumie kwa kazi anayokulipia mwajiri, hasa ikiwa yeye ndiye mwenye haki ya msimbo. Kwa michango yako binafsi iache, kwa sababu itafungwa siku utakapoondoka.

Kama usalama wako uko hatarini

Kuna watu ambao kwao hili si suala la barua taka. Wameshawahi kuandamwa, au kazi yao ya programu inaweza kuwaletea madhara. Kwao anwani ya kutupa ni mbaya maradufu, kwa kuwa wengine wanaweza kuisoma. Chaguo lao ni kisanduku cha kudumu chenye jina la kalamu, kisichogusana na chochote kingine, na hata hapo anwani ni sehemu tu ya kinachowafichua. Git huandika saa za eneo lako kwenye kila komiti, kwa hiyo yeyote anaweza kubashiri uko upande gani wa dunia; kuweka `TZ=UTC` kabla ya komiti huondoa dalili hiyo. Baadhi ya watoa huduma huacha anwani ya IP ya mtumaji kwenye vichwa vya barua, na kumbukumbu kama za lore huonyesha barua ghafi na vichwa vyake vyote. Jitumie barua ya majaribio, fungua chanzo chake, na usome kila mstari kabla ya kumwandikia mtu mwingine yeyote.

Kwa miradi ya kiini cha Linux kuna njia nyingine yenye msaada: chombo kiitwacho b4 kinaweza kupeleka viraka kupitia seva ya kernel.org bila wewe kuwa na SMTP, ukishasajili ufunguo wako wa kutia saini. Anwani yako bado inahitajika na bado inaonekana, lakini taabu ya kutuma inaisha.

Ukishaamua

Usiiachie Git ikukisie. Amri ya `git config --global user.useConfigOnly true` huifanya ikatae kuhifadhi komiti mpaka uwe umetaja anwani, badala ya kubuni moja kutokana na jina la kompyuta yako. Kisha weka `user.email` ndani ya kila hazina, au tumia `includeIf` ili folda ya kazi ipate anwani ya kazi na folda ya programu huria ipate ile nyingine. Kabla ya kusukuma, pitisha jicho kwenye `git log --format='%an <%ae>'`. Kuzuia kosa hapo ni rahisi; baada ya hapo halifutiki tena.

Usitunge anwani ya uongo kwenye kikoa ulichokibuni kichwani. Kikoa hicho kinaweza kuwa cha mtu, na barua zako zitamwendea yeye.

Na kama tayari umechangia kwa anwani ya kutupa, hujaharibu kila kitu. Fungua kisanduku cha kudumu, kihamishie akaunti zako zote zilizoungwa na ile anwani, ukianza na zile zinazoweza kuchapisha vifurushi. Jiandikishe upya kwenye orodha za mradi. Tuma kiraka kidogo kinachoongeza mstari wako kwenye `.mailmap`, ukieleza kwamba anwani ya zamani haipokei tena. Watunzaji hukipokea kiraka cha namna hiyo kwa furaha. Halafu tafuta jina lako kwenye kumbukumbu za mradi, uone kama kuna swali uliloulizwa likakosa jibu, na ulijibu.